Kengele ya Pili: Kumbukumbu za Kikao cha Sita cha Kamati ya Historia ya Shule

TAREHE: Jumamosi, 9 Machi
MAHALI: Chumba cha juu, jengo la zamani (kilichokuwa chumba cha kupigia pasi)
MUDA WA KUANZA: Saa 3:25 asubuhi badala ya saa 3:00, kwa sababu ambazo wahusika wanazijua

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti – mpima ardhi mstaafu. Mwanafunzi wa darasa la kwanza kabisa la Shule
2. Mkuu wa Shule wa sasa – ana mwaka wa pili kazini
3. Wakili – mtoto wa marehemu Mwalimu Mkuu wa Kwanza
4. Fundi – seremala mstaafu. Alitengeneza madawati ya kwanza na ndiye aliyekuwa akigonga kengele
5. Katibu – karani mstaafu wa masjala; mwanafunzi wa darasa la kwanza kabisa; mwandishi wa kumbukumbu hizi

MGENI MWALIKWA
6. Mama Pasi – mwenye udobi ambamo Shule ilianzia (aliingia saa 4:10)

WASIOHUDHURIA
Kwa taarifa: Mpiga picha. Ana harusi ya watu.
Bila taarifa: Makamu Mwenyekiti. Hii ni mara ya nne. Kamati imeanza kumzoea hivyo.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru waliowahi, huku akiwatazama waliochelewa. Alikumbusha kwamba kijitabu cha historia ya miaka kumi ya mwanzo kinatakiwa kwa mchapaji Ijumaa ijayo, na kwamba hakutakuwa na kikao kingine kabla ya hapo.

Mkuu wa Shule alipendekeza vikao vya baadaye vifanyike chini, chumba cha walimu, kwa ajili ya wazee "na wengineo". Katibu aliuliza wengineo ni nani. Katibu, ambaye hutembea kwa mkongojo na chuma cha mguu wa kushoto tangu akiwa na miaka minne, aliomba iandikwe kwamba amezipanda ngazi hizi kumi na tisa tangu udobi ukichemsha maji hapo chini, na ngazi hazijawahi kulalamika. Fundi alisema anayelalamika ni yeye, maana magoti yake si ya juzi. Pendekezo liliahirishwa.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TANO

Zilithibitishwa. Fundi alitaka neno "alifoka" katika ukurasa wa pili libadilishwe liwe "alieleza". Katibu alisema alikuwepo na alisikia. Neno lilibaki.

KUMB. NA. 3/6: RASIMU YA KIJITABU

Katibu alisoma Sura ya Kwanza. Kwa faida ya atakayesoma haya bila kijitabu mkononi, inasema hivi. Miaka hamsini na miwili iliyopita Mwalimu Mkuu wa Kwanza aliacha kazi katika shule kubwa baada ya kuambiwa kwamba watoto tisini darasa moja ni jambo la kawaida. Alizunguka mji mzima akiomba chumba. Waliomwonea huruma walikuwa wengi. Aliyempa chumba alikuwa mmoja, mama mwenye udobi, ambaye hakuwa na mtoto wa kusomesha wala hakujua kusoma. Alimwachia chumba hiki kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana, na nguo za watu akazipiga pasi jioni. Watoto kumi na wawili waliizunguka meza moja ndefu ya kupigia pasi. Mashuka yalianikwa juu ya vichwa vyao, na aliyedondokewa na tone kwenye daftari lake alilikausha kwa mkono wa shati na kuendelea na hesabu.

Sura ilipitishwa kwa makofi. Katibu anakiri kwamba hakuipamba. Watu hao walikuwa hivyo hivyo.

Sura ya Pili inamhusu Mwalimu Mkuu wa Kwanza mwenyewe. Ipo aya inayosema kwamba marehemu, pamoja na sifa zake nyingine, alikuwa mpenzi wa hali ya hewa, kwani katika daftari la mahudhurio la miaka sita ya mwanzo aliandika kila siku, kwa mkono wake, maneno kama "Mvua", "Ngazi zimelowa" na "Ngazi kavu", pamoja na saa. Wakili alishangaa. Alisema, "Baba? Hali ya hewa? Mtu aliyekuwa ananyeshewa kila msimu kwa sababu hakumbuki mwavuli uko wapi?" Katibu alijibu kwamba ushahidi wa maandishi unazidi masimulizi ya familia, na kwamba daftari lenyewe limo kabatini, humu humu. Aya ilipita.

Katika sura hiyohiyo kuna sentensi moja inayosema kwamba mwanafunzi aliyekabidhiwa kulipeleka daftari la mahudhurio ofisini alichaguliwa kwa uaminifu wake, na kwamba alilipeleka mara tatu kwa siku kwa miaka sita, akikosa shule siku moja tu, kwa homa. Fundi aliuliza kama mwanafunzi huyo na Katibu wanafahamiana. Wajumbe walicheka. Mkuu wa Shule aliuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini mahudhurio yapelekwe mara tatu. Kwani watoto walikuwa wakipungua kati ya saa nne na saa saba? Katibu alieleza kwamba huo ndio ulikuwa utaratibu. Mwenyekiti alikohoa na kuomba maji. Sentensi ilipita.

Katibu hafichi kwamba ndiyo sentensi anayoipenda kuliko zote. Daftari hilo ndilo lililompa kazi ya maisha yake: miaka thelathini na minne masjala, na hakuna jalada lililopotea mikononi mwake.

KUMB. NA. 4/6: HOJA YA KUONDOA KENGELE YA PILI

Mkuu wa Shule aliwasilisha hoja yake. Alieleza kwamba katika Shule hii kengele ya kwanza ikilia wanafunzi hufunga vitabu na kubaki wameketi kimya, mikono juu ya meza. Baada ya dakika tatu hulia kengele ya pili, ndipo wanaposimama na kutoka. Jambo hili hufanyika mara tatu kwa siku. Kwa wiki ni dakika arobaini na tano, yaani kipindi kizima cha hesabu. Wazazi wanauliza sababu. Walimu wapya wanauliza sababu. Yeye mwenyewe ameuliza kwa miaka miwili na kuambiwa ndivyo ilivyo. Alisisitiza kwamba hana ugomvi na historia, ana ugomvi na saa.

Wakili alipinga. Alikumbusha kwamba ukutani kwenye ukumbi kuna maneno ya baba yake, "Anayeweza kutulia dakika tatu ataweza kujitawala maisha yote," na kwamba Sura ya Tatu nzima inaitwa "Kimya cha Mwalimu". Alisema kuiondoa kengele ya pili ni kumzika baba yake mara ya pili. Mkuu wa Shule alijibu kwamba yeye hakuwepo hata mara ya kwanza. Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wajadili hoja, si makaburi.

Katibu alimuunga mkono Wakili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Kamati iundwe.

Mwenyekiti alitaka kusikia kutoka kwa Fundi, kwa kuwa ndiye aliyegonga kengele hiyo miaka kumi na moja, ilipokuwa bado ni pasi mbovu ya mkaa iliyoning'inizwa chini mlangoni pa udobi (sasa kengele ni ya umeme, na pasi hiyo imetundikwa dirishani humu juu kama ukumbusho, na nyundo yake kando). Fundi alisema hana la kusema. Wajumbe walitazamana, kwa sababu Fundi ana la kusema hata kuhusu sukari ya chai.

KUMB. NA. 5/6: MAELEZO YA MAMA PASI

Mama Pasi aliingia akiwa ameshikwa mkono na Mwenyekiti, aliyeshuka kumpokea. Ana miaka themanini na minane. Kuhusu macho yake alisema yanaona mwanga na vivuli, "sura za watu nimewaachia nyie wenye nafasi." Wajumbe walimwamkia, naye alimwitikia kila mmoja. Mwenyekiti aliwatambulisha kwa vyeo vyao. Katibu alitambulishwa kuwa ni Katibu.

Kabla ya kuketi, Mama Pasi aliipapasa meza ya kikao, ambayo ni ileile ya kupigia pasi, hadi alipoufikia mguu mmoja wa meza, akaupima kwa shubiri. Ndipo alipouliza, "Fundi yupo?"

Fundi alijibu, "Nipo, dada."

"Umekuja na msumeno?"

Kwa ufafanuzi: wiki ya pili ya Shule, Fundi alikata miguu ya meza hiyo vidole vinane bila kumwuliza mwenye meza, ili watoto waifikie. Mama Pasi alieleza kwamba kutokana na kitendo hicho amepiga pasi akiwa ameinama miaka ishirini na mitatu, na aliwaonyesha wajumbe mgongo. Fundi alisema meza ilikuwa ndefu, watoto walikuwa wafupi, na hajui msumeno wa kumrefusha mtoto. Mwenyekiti aliomba suala hilo lisubiri mengineyo, kama lilivyosubiri miaka hamsini na miwili.

Mwenyekiti alimwomba Mama Pasi aieleze Kamati jinsi Mwalimu Mkuu wa Kwanza alivyoanzisha kile kimya cha dakika tatu. Mama Pasi alicheka. Maneno yake yanaandikwa kama yalivyosemwa, kwa idhini ya Mwenyekiti:

"Kimya gani, mwanangu? Kile hakikuwa kimya. Zilikuwa ngazi."

Hapo Fundi alitangaza ghafla kwamba chai imefika. Chai haikuwa imefika.

Mama Pasi aliendelea: "Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, ana chuma mguuni. Baba yake anamleta alfajiri kwa baiskeli, anampandisha mgongoni, huyo anakwenda zake kazini. Kupanda hakukuwa na shida. Kushuka sasa! Kengele ikilia, wenzake wanatimka kama maji ya karo lililozibuliwa. Yeye anabaki juu, anatafuta penseli. Kila siku penseli imepotea. Nikajiuliza, mtoto gani huyu wa kupoteza penseli mara tatu kwa siku? Basi siku moja niko chini kwenye karo nafua, natazama juu, naona soli ya kiatu. Anashuka kwa makalio. Ngazi moja, anapumzika. Ngazi ya pili, anapumzika. Anaangalia huku na huku kama kuna anayemwona. Na penseli yake anayo mkononi."

Wakili aliuliza kama baba yake alijua. Mama Pasi alijibu:

"Mimi ndiye niliyemwambia. Akataka kumbeba. Nikamwambia, Mwalimu, ukimbeba utamvunja na mguu wa pili. Akasema basi darasa lihamie chini. Chini wapi, kwenye mvuke na sabuni? Nikamwambia, mpe kazi. Mtu aliyetumwa haulizwi kwa nini ametangulia. Akasema, kazi gani, Mama? Mimi kusoma sijui, lakini lile daftari lake kubwa la majina nilikuwa naliona kila asubuhi. Nikamwambia, mtume hilo alipeleke ofisini, kile kichumba cha uani. Akasema, Mama, daftari hilo kazi yake ni asubuhi tu. Nikamwambia, kuanzia kesho litakuwa na kazi mara tatu."

Mwenyekiti alijaribu kumshukuru Mama Pasi kwa maelezo yake. Mama Pasi alisema hajamaliza.

"Fundi alikuwa pale chini na mbao zake. Anagonga mara ya kwanza, watoto wanatulia, yule anatoka na daftari lake kifuani utadhani amebeba mtoto mchanga. Fundi macho yote kwenye ngazi. Kiatu kikigusa ardhi, ndipo anagonga mara ya pili, na wale wengine wanashuka kama mbuzi. Miaka sita! Na hakuwahi kujua. Sijui yuko wapi siku hizi, lakini hilo nina hakika nalo, hakujua. Alikuwa na maringo na lile daftari, wee!"

Katibu aliendelea kuandika.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu angependa kikao kisimame kidogo. Katibu alijibu kwamba haoni sababu, na akamwomba Mama Pasi athibitishe kama ngazi zilikuwa kumi na tisa wakati huo au ziliongezwa baadaye. Mama Pasi alithibitisha kumi na tisa.

Wakili alihoji: kama mambo yalikuwa hivyo, maneno ya ukutani yalitoka wapi? Ndipo Fundi alipopata la kusema. Alieleza kwamba msichana huyo alimaliza na kuondoka, lakini hakuna aliyemwambia yeye aache kugonga mara mbili, na mkono ulishazoea. Hakukuwa tena na mtu wa kumtazama kwenye ngazi, kwa hiyo akawa anahesabu dakika tatu. Mwaka uliofuata mwalimu mgeni aliuliza mbele ya watoto kwa nini kengele ni mbili. Mwalimu Mkuu asingeweza kueleza bila kumtaja yule msichana, na wadogo zake walikuwa wamekaa palepale. Fundi alisema, "Akababaika, akasema ni nidhamu. Baba yako alikuwa hajui kudanganya, Wakili. Maisha yake yote nilimsikia akidanganya mara moja, na uongo huo mmoja ndio mkaupaka rangi ukutani."

Wakili alifunika kalamu yake kabla ya kikao kufungwa. Katika vikao sita hii ni mara ya kwanza.

Mwenyekiti aliomba kuweka kando uenyekiti wake kwa muda, aseme kama mwanafunzi wa zamani. Alisema kwamba siku ile moja ambayo mbeba daftari alikuwa na homa, Mwalimu Mkuu aliwakusanya watoto kumi na mmoja waliobaki kuizunguka meza hii. "Akatuambia, kuna jambo nitawaambia leo na sitalirudia. Akatuambia lilivyo. Akasema, mwenzenu asije akajua kwamba mnajua. Basi. Hakutishia fimbo wala nini. Tulikuwa na miaka minane, wengine tisa. Na hakuna aliyefungua mdomo, hata tulipogombana naye. Na alikuwa mtoto wa kugombana, huyo." Sentensi ya mwisho imeandikwa kwa msisitizo wa Mwenyekiti.

Baada ya hapo Mwenyekiti alirejea kwenye kiti chake na kupendekeza kwamba ajenda hii yote isiingizwe kwenye kumbukumbu. Katibu alipinga. Alisema kumbukumbu haziandikwi kwa kuchagua, na kwamba kama watoto kumi na mmoja waliweza kubeba jambo hili miaka yote hiyo, karatasi nazo zitaweza.

KUMB. NA. 6/6: DAFTARI LA MAHUDHURIO

Katibu aliinuka kwenda kabatini kulichukua daftari. Sakafu ya chumba hiki ni ya mbao.

Mama Pasi alikuwa akizungumza na Fundi. Aliusikia mkongojo, na baada yake chuma, na tena mkongojo, akanyamaza katikati ya neno. Katibu alikwenda hadi kabatini na kurudi. Mama Pasi aliuliza, "Ni wewe?"

Katibu alijibu, "Ni mimi, Mama."

"Na umekaa hapo unaniandika tu? Mbona hukusema?"

Katibu alieleza kwamba kazi ya katibu kikaoni ni kuandika. Mama Pasi alisema, "Jamani, mdomo wangu!" na akamlaumu Fundi kwa kutomkanyaga mguu. Fundi alisema alitangaza chai.

Daftari lilifunguliwa mezani. Katibu alimpa Wakili asome, kwa kuwa mwandiko ni wa baba yake na kwa kuwa miwani ya Katibu ilikuwa na ukungu. Wakili alisoma safu ya mwisho, ile ya maelezo: "Saa 4:04. Ngazi kavu." "Saa 7:07. Mvua. Ngazi zimelowa, dakika sita." "Saa 4:02. Chuma kipya, dakika mbili na nusu!" (Katika rasimu Katibu alikuwa amefafanua kwamba "chuma kipya" kilihusu geti.) Alisoma ukurasa mmoja, akafungua mwingine, akasoma tena. Kila mstari ulikuwa na saini. Siku ile moja ya homa hakukuwa na saa wala ngazi, ila maneno mawili: "Hayupo. Nimewaambia." Wakili alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Halafu alisema, "Na mimi nilidhani nilimjua. Nikadhani alikuwa mtu wa kunyamazisha watu."

Mkuu wa Shule alisema kwamba katika miaka yake yote ya ualimu amesoma mafunzo mengi juu ya kuwasaidia watoto wenye ulemavu, na hajakutana na lolote linaloushinda ushauri huu wa dobi asiyejua kusoma.

Katibu aliombwa aseme neno. Alieleza kwamba alikuwa na hasira, na kwamba alikuwa na furaha, na akaomba yote mawili yaandikwe. Alitoa hoja kwamba ile sentensi yake katika Sura ya Pili ifutwe, kwa kuwa si kweli. Hakuchaguliwa kwa uaminifu. Alichaguliwa kwa mguu.

Mama Pasi aliomba ruhusa ya kumuuliza Katibu maswali, akaruhusiwa.

"Uliwahi kuliacha njiani?"

"Hapana."

"Uliwahi kulidondosha kwenye maji yangu ya sabuni?"

"Hapana, Mama."

"Kuna siku ulichoka ukamwambia Mwalimu amtume mwingine?"

"Hapana."

"Sasa uongo uko wapi? Sisi tulikutafutia sababu ya kutangulia. Kulifikisha hatukukusaidia."

Hoja ya Katibu ya kufuta sentensi haikupata wa kuiunga mkono. Katibu aliirudia mara ya pili, kwa utaratibu. Haikupata. Katibu anaandika hapa, kwa kuwa hakulisema kikaoni, kwamba anawashukuru.

KUMB. NA. 7/6: MAAMUZI

Mkuu wa Shule aliondoa hoja yake mwenyewe kabla ya kura. Alisema Shule ina wanafunzi watatu wanaopata taabu na ngazi za ghorofa jipya. Husubiri wenzao waishe ndipo washuke. Juzi alimkuta mmoja wao darasani peke yake, akamuuliza anafanya nini. Mtoto alimjibu kwamba anatafuta kifutio. "Nikamsaidia kukitafuta," alisema Mkuu wa Shule, "chini ya madawati yote."

Kamati iliamua kwamba kengele ya pili ibaki, na irudishiwe kazi yake. Wanafunzi hao watatu wapewe vitu vya kupeleka ofisini baada ya kengele ya kwanza: daftari la darasa, boksi la chaki, funguo za maktaba. Viwe vitu vya kweli na visainiwe vikipokelewa, kila mara, na Mkuu wa Shule mwenyewe. Mkuu wa Shule alikubali na kuuliza saini ngapi. Katibu alimjulisha kwamba mwenzake aliweka zaidi ya elfu tatu.

Kulikuwa na mjadala kama wanafunzi wengine waambiwe. Mkuu wa Shule alihofu kwamba watoto wa siku hizi hawawezi kutunza siri. Mama Pasi alisema, "Watoto wanaweza. Tusioweza ni sisi wakubwa. Si mmeniona?" Iliamuliwa kwamba waambiwe mara moja, siku ambayo wahusika hawapo, na bila fimbo.

Kuhusu kijitabu, Katibu, ambaye kwa vikao vitano amedai ushahidi wa maandishi kwa kila koma, aliomba Sura ya Tatu iachwe kama ilivyo, na maneno ya ukutani yaachwe yalivyo. Ikichapishwa sababu yenyewe, watoto watatu watasoma na kujua walichobebeshwa. Aliomba pia ile aya ya hali ya hewa ibaki. Wakili aliikubali kwa kutikisa kichwa, na akaongeza kwamba kwa kweli baba yake alipenda sana hali ya hewa.

Wakili alitaka Mama Pasi aandikwe kuwa mwasisi, jina na picha, sawa na baba yake, ukurasa uleule. Ilipitishwa na wote. Mama Pasi alisema picha sawa, lakini cha muhimu ni meza.

KUMB. NA. 8/6: MENGINEYO

Fundi alikubali iandikwe katika Sura ya Kwanza kwamba miguu ya meza ilikatwa "bila ruhusa ya mwenye meza". Aliomba radhi kwa mdomo. Mama Pasi alisema amemsamehe tangu siku ya kwanza alipowaona watoto wameifikia, ila hakutaka azoee.

Ilikubalika kwamba kumbukumbu hizi zisisambazwe. Nakala moja itawekwa ndani ya daftari la mahudhurio, na daftari litakaa ofisini kwa Mkuu wa Shule.

Chai ilifika saa 6:05.

KUMB. NA. 9/6: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alitangaza kikao kimefungwa saa 6:31 mchana. Ni kawaida ya Katibu kubaki nyuma akipanga karatasi hadi wajumbe wote washuke, na alianza kuzipanga. Hakuna mjumbe aliyeinuka. Mkuu wa Shule, ambaye huwa wa kwanza kuangalia saa, alikuwa ameweka mikono juu ya meza. Wakili vilevile. Fundi alikuwa amehamia kwenye kiti cha dirishani.

Mwenyekiti alisema, "Katibu, daftari linatakiwa ofisini."

Katibu alimkumbusha kwamba leo ni Jumamosi, ofisi imefungwa, na aliye na ufunguo wake ameketi hapohapo. Mwenyekiti alisema daftari linatakiwa ofisini. Katibu alilichukua, akalikumbatia kifuani, akatoka wa kwanza. Alishuka ngazi zote kumi na tisa bila kuharakishwa na mtu, na huko juu hakukusikika hata kikombe. Alipokanyaga ardhi, pasi iligongwa mara moja dirishani, ndipo viti vikaanza kusogezwa.

Zimesainiwa kuwa ni kumbukumbu za kweli za kikao:

Katibu: (saini)

Mwenyekiti: (saini), na kwa mkono wake: "Saa 6:35. Ngazi kavu."